Fe Yenye Nukta Tatu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10 kama ilivyokuwa ikiuhudumia, na kompyuta nyingi zilizolala zikiwa nzima ziliamka zikiwa zimezeeka kwa tangazo. Mojawapo ilikuwa juu ya meza ya mvule, katika ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye mtaa mzima humwita Maalim, na ambaye tangu kustaafu kazi yake ni kufasiri: hati za mahakama kwa ajili ya mkate, mashairi kwa ajili ya nafsi. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakata kisichopita umri fulani. Mpakato wa Maalim haukuwa na kimoja wala cha pili. Kibodi yake ilikuwa nzima, skrini haina ufa, betri yadumu saa mbili. Lakini imeambiwa basi.

Kijana anayetengeneza simu karibu na Darajani, mwanafunzi wake wa zamani, alimpa shauri bila kuinua macho kwenye kazi yake: "Maalim, tia Ubuntu. Bure, na mashine itarudi ujana."

Jina hilo Maalim alilijua. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni la lugha za Kinguni. Mswahili yeyote alisikiapo huliona "utu" limekaa ndani yake. Chini yake umo mfumo wa Debian ulioanza mwaka 1993, na chini zaidi kiini cha Linux alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Hadi mwaka 2011 watu wa Ubuntu walikuwa wakituma santuri zao kwa posta, bila malipo, kwa kila aliyeziomba. Maalim aliomba moja mwaka 2008, ikaja katika bahasha nzuri, naye akaifanya kitako cha kikombe cha kahawa kwa muda wa miaka mingi. Haya yote yangeweza kuwa habari ya mtu na chombo chake, isiyostahili kurasa hizi, lau si faili kumi na tisa zilizokuwamo ndani ya mashine ile.

Faili hizo ni tungo za mama yake mkubwa. Bibi huyu alizaliwa Lamu, akaolewa Unguja, na yeye na mumewe ndio waliomlea Maalim baada ya mama yake mzazi kufariki. Alitunga tangu usichana, kwa Kiamu, na hakuandika hata ubeti mmoja; alihifadhi moyoni. Mwaka 2003 mumewe, ambaye alikuwa karani na mwenye hati nzuri ya Kiarabu, aliamua kuziandika zisipotee. Jioni baada ya jioni yeye huketi mbele ya kompyuta, mkewe huketi kitandani na kusoma kwa ghibu, naye akapiga kibodi kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa Pate na Lamu kabla yao. Zikatoka katika disketi zikaingia katika santuri, zikatoka huko zikaingia katika flashi, na hatimaye zikatua katika mpakato wa Maalim. Baba Mkubwa alifariki mwaka 2011. Mama Mkubwa yu hai, amepita themanini, macho yake yana mtoto wa jicho, na kumbukumbu yake ni kama bahari ya pale ufukweni: asubuhi yajaa, jioni imekupwa mpaka miamba yaonekana.

Kwa hiyo mfumo mpya ulipofika mahali pa kuuliza kama ufute diski yote, Maalim aliinua mikono kutoka kwenye kibodi kama aliyeguswa na moto. Alikwisha nakili faili katika flashi mbili. Akashuka ngazi, akaenda Darajani, akanunua ya tatu. Kijana akacheka. Haifai kumcheka mtu wa namna hii. Waliopoteza maandishi hawacheki.

Usakinishaji wenyewe ulikwisha kabla chai haijapoa. Ni jambo dogo siku hizi: mfumo huuliza lugha, kibodi, mji, jina na neno la siri, kisha hujifanyia kazi. Kilichochukua majuma ni yale yanayofuata, yaani kuufanya ukubali kwamba mwenye nyumba ni huyu na si mwingine. Kila mfumo mpya huja umekwisha kumwazia mtu fulani. Humdhania anaandika kutoka kushoto, siku yake huanza usiku wa manane, maneno yake yamo katika kamusi, na alama ya ritifaa aitumiapo anafungua au anafunga nukuu. Kurekebisha mfumo ni kumfukuza mgeni huyo wa kudhaniwa, chumba kwa chumba.

Alifungua faili ya kwanza. Mahali pa herufi za Kiarabu palikuwa na vurugu la herufi za Kizungu zenye vitone na mikwaju, na kila baada ya hatua mbili tatu palisimama Y kubwa yenye mkwaju kichwani. Usiku huo Maalim hakulala. Asubuhi alifahamu kwamba hakuna kilichoharibika. Faili za mwaka 2003 ziliandikwa kwa jedwali la herufi liitwalo Windows-1256, lenye nafasi 256 tu, ambazo zaidi ya nusu yake zimekaliwa na Kilatini na alama za kawaida. Mfumo mpya hutumia Yunikodi, yenye herufi zaidi ya 150,000, na ulikuwa ukizisoma namba za jedwali moja kwa macho ya jedwali jingine. Alipoiambia programu ya LibreOffice ifungue faili kwa Windows-1256, tungo zikasimama mbele yake zima, kutoka kulia, kama zilivyokuwa. Ile Y yenye mkwaju ilikuwa fe.

Akamshukuru Mungu, akaanza kuzisoma. Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo kwa miaka yote aliyokuwa nazo hakuliona, kwa kuwa alizitunza bila kuzisoma. Katika faili zote kumi na tisa hamna ve.

Kiarabu hakina sauti ya p, ch wala v. Waswahili walipoitwaa hati hiyo walijitafutia njia: pe kwa nukta tatu chini, che kwa nukta tatu tumboni, na ve, kwa wale walioipenda, ni fe iliyovikwa nukta tatu badala ya moja. Jedwali la Windows-1256 lilitiwa pe na che, kwa kuwa Waajemi huzihitaji, na Baba Mkubwa alizipata kwa kuazima kibodi ya Kifarsi. Fe yenye nukta tatu haimo. Nafasi 256 zilikwisha kabla haijafikiwa. Mwandishi yule mwangalifu, asiyekosea nukta kwa kalamu, hakuwa na la kufanya ila kuandika fe kila aliposikia v, na kumwachia msomaji atambue.

Mara nyingi msomaji hutambua. Atakayesoma kwamba upepo "umefuma" atajua kuwa umevuma. Lakini kuna mahali ambapo maneno yote mawili hukaa sawasawa, na mahali pamoja palimfanya Maalim afunge kompyuta na kutoka barazani. Ni katika utungo wa tatu, ambamo bibi anasema habari ya ndoa yake bila kutaja jina. Kwa jinsi ilivyoandikwa, kipande kimoja husomeka: mwenye nyumba 'menifunda. Mume amenifunda, yaani amenifundisha, amenikuza, amenionya kwa hekima. Lakini katika Kiamu kuvunja ni kuvunda. Ikiwa fe ile ilikuwa ve, basi mume amemvunja.

Ushairi wetu una mizani na vina, na wazee walivifanya walinzi wa maneno hata pale wino ulipofutika. Hapa walinzi wote wawili walilala. Funda na vunda zina mizani mbili mbili, na zote mbili huishia kwa "nda". Beti zilizotangulia hazikusaidia, kwani husifu na kulalama kwa zamu. Na mwandishi wa mstari ule ni mume mwenyewe, aliyemlea Maalim, aliyemfundisha alifu na bee, na ambaye vidole vyake vilibonyeza herufi isiyoweza kusema ni ipi.

Ingekuwa rahisi kumwuliza Mama Mkubwa. Alimwuliza siku mbili mfululizo, baada ya alasiri. Siku ya kwanza alisema hakumbuki kutunga kitu hicho. Siku ya pili alimwita Maalim kwa jina la nduguye aliyekufa zamani.

Basi aliendelea kuirekebisha mashine, kwa kuwa kazi ya mikono hupumzisha. Akaongeza kibodi ya Kiarabu kando ya ile ya Kiswahili cha Tanzania, ambayo, kwa sifa ya waliojitolea kuitengeneza, imo katika orodha. Akatia fonti ya Scheherazade, ambayo wachongaji wake waliziingiza herufi za Kiajemi na za Waafrika pamoja na za Kiarabu; fe yenye nukta tatu ilipochomoza katika skrini kwa mara ya kwanza aliikuza mpaka ikajaza kioo. Akaweka tarehe kwa mtindo wa Tanzania, na siku za juma zikajitokeza kwa vifupisho: J2 kwa Jumapili, J3 kwa Jumatatu. Vifupisho hivyo humkera. Jumapili ni ya pili, ndiyo, lakini herufi na tarakimu kukaa nyumba moja ni mambo ya namba za gari.

Menyu za Kiswahili hazikumkera kama alivyotazamia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na wako waliocheka wakati ule kwamba hakuna atakayeiambia mashine "hariri". Leo maneno hayo yameenea mpaka kwenye simu. Maalim, akiwa mfasiri, huyapima kama apimavyo ya wenzake. "Ghairi" kwa kuacha jambo uliloanza ni chaguo la mtu ajuaye lugha, kwani kughairi ni kubadili nia. Na "hifadhi", kwa kuiambia mashine iweke kazi yako, ni neno la vyuoni: ndivyo mtoto afanyavyo kwa Kurani, na ndivyo Mama Mkubwa alivyofanya kwa tungo zake.

Kamusi ya tahajia ilikuwa shughuli nyingine. LibreOffice huja na kamusi ya Kiswahili, nayo ni msaada mkubwa kwa hati za mahakama. Maalim alipoanza kuzihamisha tungo katika herufi za Kilatini, ukurasa ulijaa mistari myekundu: "mato", "ndia", "nti", kila neno la Kiamu limetiwa wekundu chini yake kama lililokosewa. Mashine haina ubaya. Imefunzwa Kiswahili Sanifu, na Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja. Hata hivyo mtu huchoka kuona maneno ya aliyemlea yakisahihishwa. Kuna njia ya kuizima kamusi kwa mbofyo mmoja. Maalim hakuizima. Kwa kila neno alibofya na kuliongeza katika kamusi yake mwenyewe, moja moja, baada ya kujiuliza kwanza: hili ni Kiamu, au ni kosa la vidole vya Baba Mkubwa? Kazi ya dakika moja ikawa ya juma zima. Kamusi hiyo ni faili ndogo ya maandishi matupu, neno moja kila mstari, na mwisho wa juma ilipofunguliwa ilikuwa orodha ya lugha ya nyumba ile.

Ritifaa nayo ilitaka adabu. Washairi huitia mwanzoni mwa neno pale silabi inapodondoshwa, kama katika 'menifunda, 'kiwa, 'sije. Programu, ikidhani nukuu inafunguliwa, huipinda kuelekea ndani. Ni kosa dogo ambalo limechapishwa katika diwani nyingi na wachache hulitambua. Ritifaa ya kudondosha yapaswa kupindwa kama ile ya ng'ombe. Maalim aliizima tabia hiyo katika mipangilio, kisha, kwa kuchangamka, akawasha nyingine aliyoambiwa itampunguzia kazi: ukamilishaji wa maneno. Ukianza kuandika neno refu lililokwisha tokea katika faili, programu hukunong'onezea lililobaki, na ukibonyeza kitufe cha kushukia mstari hulikamilisha. Kwa barua za ofisini ni baraka. Mwenye kuandika mashairi anabonyeza kitufe kile mwisho wa kila mstari, yaani palepale pakaapo kina. Na hilo Maalim hakulifikiri.

Tena ikaja saa. Katika orodha ya majira ambayo kompyuta nyingi duniani huitumia Unguja haina jina lake. Dar es Salaam imo, ingawa kwa ndani imeunganishwa na Nairobi. Hilo halina madhara. Kilichomsumbua ni kwamba ukiichagua, mashine itakwambia ni saa 1:00 wakati kila mtu aijua kuwa saa saba. Mwalimu wa jiografia hawezi kuliacha tatizo la namna hiyo. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa saa sita. Basi uchague mji ulio nyuma yetu kwa saa sita, nao ni Buenos Aires. Alijaribu: saa moja asubuhi skrini ikaandika 1:00, na hata alama ya asubuhi ikalingana. Lakini siku ya Buenos Aires ilibadilika hapa kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, jambo lisilo na mwenyewe. Akazunguka dunia upande wa pili. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, na katika mzunguko wa saa kumi na mbili, mbele kwa sita na nyuma kwa sita ni mamoja. Akaiweka Tokyo. Alhamisi ile, jua lilipokuwa likizama nyuma ya majahazi ya Forodhani, saa ilifika kumi na mbili, na tarehe ikageuka kuwa Ijumaa. Siku iliyoanza magharibi, kama siku ya kwao! Ni kweli kwamba mashine iliita asubuhi kuwa alasiri na usiku kuwa asubuhi. Lakini Maalim aliliona hilo dogo mbele ya usiku wa Ijumaa uliokaa mahali pake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Siku tano baadaye Mama Mkubwa alikuwa na miadi ya macho hospitalini. Kadi ilisema 9:00. Maalim, kwa mazoea ya miaka thelathini ya kengele za shule, aliweka kengele ya 9:00 asubuhi katika kompyuta, akaacha mashine ikiwaka kwa kuwa ilikuwa ikinakili sauti alizomrekodi bibi. Sasa, saa tisa kamili za mji wa Tokyo zikisoma asubuhi, Unguja ni saa tisa pia, kwa Kiswahili safi. Saa tisa usiku.

Nyumba nzima ilishtuka. Maalim aliikimbilia mezani gizani akaizima, akageuka kuomba radhi, akamkuta Mama Mkubwa ameketi kitandani na ushungi wake, tasbihi mkononi. Alikuwa macho. Ndiyo saa yake ya kuswali, tangu zamani. Ni wengine wasioijua kwa kuwa hulala.

"Shikamoo, mama. Mashine imekosea saa."

"Marahaba, mwanangu. Haikukosea. Sasa ni saa tisa."

Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mwingine, au ya yeye yule wa zamani. Maalim alijua asingojee. Alifungua utungo wa tatu na kuanza kumsomea, na alipofika kwenye kipande kile ulimi wake ulichagua bila kuulizwa: mwenye nyumba 'menifunda.

"La," alisema Mama Mkubwa. "Rejea."

Akarejea, kwa ve.

Bibi hakusema kitu. Tasbihi ilikwenda punje tatu nne. Kisha, bila kupandisha sauti, akasoma ubeti uliofuata, na haukuwa ule uliomo katika faili. Maalim hakupata kuusikia. Alibadili kibodi kwa haraka kwenda Kilatini, kwa kuwa ndiko vidole vyake vinakokimbia, akaandika alivyosikia, mstari kwa mstari. Ubeti wasema kwamba usiku mumewe alalapo yeye hufumba macho asilale, akahesabu pumzi zake, na akauambia moyo wake usikilize pumzi hizo zisije zikakatika.

"Mbona huu haumo, mama?"

"Huo hakuuandika. Nilipofika hapo aliinuka akenda kuswali. Aliporudi akanambia, endelea." Akanyamaza kidogo. "Ule mwingine aliuandika kama nilivyosoma. Nilimwona. Alipita kidole, akakirejesha, akauandika."

Alfajiri iliadhiniwa, na walipomaliza kuswali aliuliza kama chai ina tangawizi, na ni nani yule kijana mezani.

Mchana, baada ya kurudi kutoka kwa daktari, Maalim aliutazama ubeti mpya. Vipande vya mwisho vyote vina kina cha "za", isipokuwa kimoja kilichomaliza kwa "na": nawe moyo sikilizana. Mizani tisa badala ya nane, kina kimevunjika, na maana imekwenda kombo, kwani moyo mmoja hausikilizani. Kwa dakika chache alidhani kumbukumbu ya bibi ndiyo iliyokosea, na hilo lilimhuzunisha zaidi ya yote ya usiku. Kisha akaona katika utungo wa pili, kurasa chache juu, neno sikilizana aliloliandika juma lililopita. Programu ilikuwa imelikumbuka. Yeye aliandika "sikiliza", akabonyeza kitufe kushuka mstari, nayo ikamkamilishia. Bibi wa miaka themanini na kitu hakukosea hata mizani moja.

Alizima ukamilishaji. Akazipitia beti zote alizozihamisha tangu aiwashe tabia ile, akihesabu mizani kwa vidole kama mwanafunzi, akakuta mahali pengine pawili. Vina vilikuwa vimepiga kelele muda wote, naye hakuvisikia kwa kuwa alikuwa akitazama mistari myekundu.

Halafu akarudi katika faili ya Kiarabu. Katika kipande kile akaifuta fe na kuweka fe yenye nukta tatu. Si kwamba mkono haukusita. Jedwali la zamani, kwa upungufu wake, lilimruhusu karani yule kuandika neno bila kulikiri na bila kulikana, na pengine kwa miaka minane iliyobaki ya maisha yake alilipita kila alipofungua faili, akalisoma apendavyo. Yunikodi haina huruma hiyo. Ina nafasi ya kila herufi, na mwenye kuandika lazima achague. Lakini ubeti uliofuata sasa umo pia, chini yake, na Maalim aliuandika kwa hati ileile ya Baba Mkubwa, kwa fonti ileile, pasipo alama ya kuonyesha kwamba uliongezwa. Kwa mhakiki hilo ni kosa. Alilijua, akahifadhi.

Zimebaki fe nyingine nyingi katika faili kumi na tisa ambazo hazijaamuliwa. Saa ya kompyuta ameirudisha Dar es Salaam, maana miadi ya pili ya daktari imekaribia na mama hawezi kucheleweshwa kwa ajili ya usiku wa Ijumaa. Kengele hakuifuta. Ameiandika 3:00, kila siku, akaipunguza sauti isiwaamshe wengine, na kando ya kibodi ameweka kiti cha pili.